Wasomaji Wauliza: Maambukizi ya Mpira wa Kamera na Haki ya Kudai Fidia

Safu ya mwezi huu nimeitenga kwa jambo moja tu, kwa sababu barua zilizonifikia kulihusu zimekuwa nyingi kuliko kawaida, na kwa sababu ni jambo ambalo anayechelewa hupoteza haki yake hata kama ukweli wote uko upande wake. Nimechagua barua nne.

SWALI: Shikamoo Mwanasheria. Ninaishi Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 68. Mwaka jana macho yake yaligeuka ya njano na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Hospitalini walituambia kwamba jiwe limeziba mfereji wa nyongo, wakampitisha mpira wa kamera mdomoni hadi kwenye utumbo mwembamba, wakalitoa. Tulirudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Siku ya sita alishikwa na homa na mtetemeko mpaka kitanda kikawa kinatikisika. Alilazwa wiki tano, na daktari akatueleza kwamba bakteria waliokuwa kwenye damu yake hawasikii dawa karibu zote. Mama amepona, lakini figo zake hazijarudi kama zamani. Mwezi uliopita tumepokea barua ya hospitali, karatasi moja tu, ikisema kwamba kifaa kilichotumika huenda kilikuwa na vijidudu. Je, tuna madai, ilhali tulitia saini fomu ya kukubali hatari kabla mama hajaingia chumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana wewe na mama. Naomba unisome kwa utulivu hadi mwisho, kwa sababu jibu langu ni kwamba huenda mna madai mazuri, lakini nguvu yake inategemea karatasi ambazo kwa sasa hazimo mikononi mwenu.

Kwanza uelewe kifaa chenyewe. Mpira aliopitishiwa mama huitwa duodenoskopu, nao si sawa na ule wa kawaida wa kuchungulia tumbo. Kamera yake hutazama ubavuni, na karibu nayo, kwenye ncha, kuna kijipande kidogo cha chuma kinachoinuka na kushuka kwa kuvutwa na waya, ili kuelekeza vifaa vyembamba viingie kwenye tundu la mfereji wa nyongo. Niliwahi kuonyeshwa kifaa cha namna hiyo na muuguzi ambaye kazi yake ni kuviosha. Aliniwekea ncha chini ya lenzi ya kukuza, akakiinua kile chuma, akapitisha brashi, nami nikaona kwa macho yangu jinsi nyuzi za brashi zinavyopinda kabla hazijafika kwenye kona iliyo nyuma ya bawaba. Kona hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ndiyo kiini cha kesi hizi zote.

Mpira huo haiwezekani kuutakasa kwa mvuke wa moto mkali kama mikasi ya upasuaji, kwa kuwa plastiki, gundi na lenzi zake vitaharibika. Huoshwa kwa mkono, kisha hulowekwa katika dawa kali ya kuua vijidudu, kisha hukaushwa, na mgonjwa mwingine huingizwa mpira uleule. Uchafu ukikaukia ndani ya ile kona, bakteria hujijengea utando ambao dawa haiupenyi. Kwa hiyo mgonjwa wa jana anaweza kumpa mgonjwa wa leo bakteria sugu ingawa hawajawahi kuonana.

Hili limekwisha kuthibitishwa, tena katika jimbo lenu. Kati ya mwaka 2012 na 2014, wagonjwa wasiopungua 32 wa hospitali ya Virginia Mason mjini Seattle walipatikana na bakteria sugu wa aina moja waliohusishwa na mipira hiyo, na wasiopungua 11 kati yao walifariki, ingawa wengi walikuwa na magonjwa mengine mazito. Mwaka 2013 hospitali moja ya Park Ridge, karibu na Chicago, ilikuwa na mlipuko wa maambukizi ya aina hiyo. Mwezi Februari 2015 hospitali ya Ronald Reagan ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilitangaza kwamba wagonjwa 7 walikuwa wameambukizwa, vifo 2 vilihusishwa na maambukizi hayo, na watu 179 waliitwa wapimwe. Uchunguzi wa Baraza la Seneti uliotolewa Januari 2016 na ofisi ya Seneta Patty Murray, ambaye mwenyewe ni wa Washington, ulikuta matukio yasiyopungua 25 duniani kati ya 2012 na mwanzoni mwa 2015, ambamo waliugua wagonjwa wasiopungua 250.

Sasa nije kwenye ile fomu. Kutia saini kulimaanisha kwamba mama alielezwa hatari za kawaida za tiba yenyewe, na ni kweli kwamba maambukizi ya mfereji wa nyongo ni mojawapo ya hatari hizo, maana bakteria wa utumbo wa mgonjwa mwenyewe wanaweza kupanda juu wakati jiwe linatolewa. Hakukubali kuingizwa kifaa chenye masalia ya mgonjwa mwingine, wala hakusamehe kosa la mtu aliyejua tatizo akanyamaza. Hata hivyo fomu hiyo inatuonyesha mahali ambapo wadaiwa watasimama: watasema homa ilitokana na bakteria wake mwenyewe. Wala si hoja ya kudharauliwa, kwani si kila homa inayofuata tiba hiyo ni kosa la kifaa.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Kuna mambo matatu ambayo, yakipatikana, hubadilisha kesi. La kwanza ni majibu ya maabara ya damu ya mama, si muhtasari wa daktari, bali orodha kamili ya aina ya bakteria na dawa walizozishinda. La pili ni namba ya utambulisho ya mpira uliotumika siku ile, ambayo kwa kawaida huandikwa katika taarifa ya chumba cha tiba, mara nyingi chini kabisa ya ukurasa kwa herufi ndogo. La tatu ni daftari la kuoshea la kifaa hicho: nani alikiosha, saa ngapi, kilikaa muda gani kabla ya kuoshwa, kilimhudumia nani kabla ya mama, kilipelekwa lini kwa matengenezo, na kama kiliwahi kuchukuliwa sampuli na kuoteshwa, yaani sampuli kuwekwa maabara ionekane kama bakteria watakua. Jina la mgonjwa aliyetangulia hamtapewa, na ni sawa msipewe, lakini ukweli kwamba naye alikuwa na bakteria haohao unaweza kupatikana kupitia amri ya mahakama. Vinasaba vya bakteria wa mama vikilingana na vya wagonjwa wengine waliohudumiwa kwa mpira uleule, ile hoja ya bakteria wake mwenyewe hudhoofika sana. Hivyo ndivyo ilivyobainika Seattle.

Kumbukumbu za matibabu za mama ni haki yake kwa sheria ya shirikisho, na hospitali ina siku 30 za kujibu ombi la maandishi. Daftari la kuoshea si sehemu ya kumbukumbu zake, kwa hiyo wakili wenu ataandika barua ya kuitaka hospitali ilihifadhi, pamoja na mpira wenyewe usirudishwe kiwandani, na maabara isitupe vijidudu ilivyovihifadhi kama bado vipo. Maabara hazihifadhi vitu hivi milele. Kama kuna jambo moja la kufanya wiki hii, basi ni hili.

Kuhusu muda, katika jimbo la Washington dai dhidi ya mtengenezaji wa bidhaa lina miaka mitatu tangu mdai alipogundua, au alipopaswa kugundua kwa uangalifu wa kawaida, madhara na chanzo chake. Dai la uzembe wa kitabibu lina miaka mitatu tangu tendo lenyewe, au mwaka mmoja tangu kugundua, kutegemea ni upi unaokwisha baadaye. Usijitulize kwa kusema kwamba barua imekuja mwezi uliopita tu. Wadaiwa watauliza kwa nini hamkushuku siku ile daktari alipowatajia bakteria sugu. Hesabuni kuanzia siku ya tiba, na mtakuwa salama.

SWALI: Mheshimiwa, mjomba wangu alifariki baada ya kipimo kama hicho. Hospitali inatuambia kwamba wafanyakazi wake walifuata maelekezo ya mtengenezaji neno kwa neno, na kwamba tumdai aliyekitengeneza kifaa. Mtengenezaji naye anasema hospitali haikuosha vizuri. Tumekuwa kama mpira wa danadana. Je, tumdai nani? — Msomaji, Seattle

JIBU: Pokea rambirambi zangu, ndugu. Washtakini wote wawili katika kesi moja, na muwaache wabishane mbele ya mahakama badala ya kubishana kupitia kwenu.

Mfano uko hapohapo mjini kwenu. Mjane mmoja, ambaye mumewe alikuwa na saratani ya kongosho na akafariki mwaka 2013 baada ya kuambukizwa, aliishtaki kampuni ya Olympus ya Japani, mtengenezaji wa mpira uliotumika, na hospitali nayo ikawa sehemu ya kesi. Mwezi Julai 2017 jopo la juri, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, lilitoa uamuzi ambao watu wengi hawakuutarajia. Lilikataa hoja kwamba umbo la kifaa halikuwa salama, lakini likaona kwamba kampuni haikuipa hospitali maonyo ya kutosha. Familia ikapewa dola milioni 1, na mlipaji akawa hospitali. Kampuni ikaamriwa kuilipa hospitali dola milioni 6.6. Utaona kwamba hospitali ilikuwa mdaiwa wa familia na wakati huohuo mdai wa kampuni. Laiti familia ingemchagua mmoja tu na kumwacha mwingine, huenda ingetoka mikono mitupu.

Msingi wa sehemu ile ya maonyo uliwekwa miezi michache kabla, Februari 2017, pale Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ilipoamua katika kesi ya Taylor dhidi ya Intuitive Surgical kwamba mtengenezaji wa kifaa cha tiba ana wajibu wa kuionya hospitali inayokinunua, na kwamba kumwonya daktari peke yake hakumwondolei wajibu huo. Kesi ile ilihusu roboti ya upasuaji, lakini kanuni yake inawagusa ninyi moja kwa moja, kwa sababu anayeosha mpira si daktari.

Na je, mtengenezaji alijua nini, na lini? Hapa ndipo moyo wangu unapochemka kila nisomapo majalada haya. Mwaka 2012 kulitokea mlipuko katika hospitali ya Erasmus mjini Rotterdam, Uholanzi, na mtaalamu aliyekichunguza kifaa akaonyesha kwamba umbo la ncha yake lilikuwa na matatizo ya kusafishika. Mwezi Januari 2013 kampuni ya Olympus ilituma tahadhari kwa wateja wake wa Ulaya. Wateja wa Marekani hawakutumiwa tahadhari hiyo. Aina hiyo ya mpira, yenye jina TJF-Q180V, ilikuwa sokoni Marekani tangu mwaka 2010 bila kibali ambacho FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, baadaye ilisema kilihitajika. Kibali kilitolewa Januari 2016, sambamba na kuitwa kwa mipira ipatayo 4,400 ili ncha zake zibadilishwe. Mwezi Desemba 2018 kampuni tanzu ya Olympus inayotengeneza vifaa hivyo ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya shirikisho huko New Jersey, kwa kutowasilisha ripoti zilizotakiwa kuhusu matukio ya mwaka 2012 na 2013, ikatozwa faini ya dola milioni 80 na kunyang'anywa milioni 5 nyingine. Faini hiyo ilikwenda serikalini. Mgonjwa anayetaka fidia hana budi kufungua madai yake mwenyewe.

Ungamo hilo halishindi kesi yenu moja kwa moja, hasa kama mjomba alihudumiwa miaka mingi baadaye au kwa mpira wa kampuni nyingine, maana Fujifilm na Pentax nao wanatengeneza. Lakini hakuna leo hospitali wala kiwanda kinachoweza kusema hakikujua. FDA ilitoa onyo la hadharani Februari 2015. Mwezi Oktoba mwaka huohuo iliziamuru kampuni zote tatu kuchunguza mipira iliyokwisha kuoshwa katika hospitali halisi, na matokeo ya awali yaliyotangazwa Aprili 2019 yalionyesha kwamba hadi asilimia 5.4 ya sampuli zilizochukuliwa ipasavyo zilikuwa na bakteria wa kutia wasiwasi mkubwa. Kumbuka kwamba hiyo ni mipira iliyotoka kuoshwa, inayongojea mgonjwa anayefuata. Agosti 2019 FDA ilizishauri hospitali zihamie kwenye vifaa ambavyo sehemu ya ncha hutupwa baada ya matumizi, na Desemba 2019 ikaruhusu mpira wa kwanza unaotumika mara moja tu, wa kampuni ya Boston Scientific. Wakili wenu ataiuliza hospitali ya mjomba kwa nini, baada ya yote hayo, iliendelea na kifaa cha zamani, na kama ilikuwa ikikiotesha na kukitenga saa 48 kabla ya kukitumia tena, kama Virginia Mason ilivyoanza kufanya baada ya mlipuko wake. Kufuata maelekezo neno kwa neno ni utetezi wenye uzito, sikatai, ila si ukuta.

Kwa kuwa mjomba amefariki, mdai atakuwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si ndugu yeyote mwenye uchungu. Anzeni na uteuzi huo. Mawakili wa kesi hizi kwa kawaida hawatozi ada mwanzoni. Huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi au zaidi, na gharama za wataalamu hukatwa pia. Ulizeni kabla ya kusaini kama asilimia inakokotolewa kabla au baada ya kukata gharama hizo. Tofauti yake inaweza kuwa maelfu ya dola.

SWALI: Habari za kazi. Nilizaliwa Nairobi, nikalitumikia jeshi la Marekani kwa miaka minane, na sasa ninatibiwa katika hospitali ya serikali ya maveterani. Baada ya kuchunguzwa utumbo mpana niliambiwa nirudi nipimwe Ukimwi na homa ya ini kwa sababu mpira haukuoshwa ipasavyo. Majibu yote ni safi. Je, ninaweza kudai kwa ajili ya hofu niliyoipata?

JIBU: Nashukuru kwamba majibu ni safi. Hauko peke yako: mwaka 2009 zaidi ya maveterani 10,000 waliohudumiwa Murfreesboro huko Tennessee, Augusta huko Georgia, na Miami waliitwa kupimwa kwa sababu kama hiyo.

Hospitali yako ni ya serikali ya shirikisho, kwa hiyo huwezi kwenda mahakamani moja kwa moja. Lazima kwanza uwasilishe dai la maandishi kwa idara yenyewe ndani ya miaka miwili, kwa fomu iitwayo SF-95, ukitaja kiasi kamili cha fedha unachodai. Idara ina miezi sita ya kuamua. Ikikataa, una miezi sita ya kufungua kesi, nayo huamuliwa na jaji bila juri. Ada ya wakili imewekewa kikomo na sheria, asilimia 20 mkikubaliana ndani ya idara na asilimia 25 kesi ikifunguliwa.

Kuhusu hofu bila ugonjwa, nakuambia ukweli kwamba ni dai gumu. Majimbo mengi huhitaji uthibitisho kwamba uliguswa na hatari halisi, na mengine hudai dhara la mwilini. Kama ulipoteza usingizi ukatibiwa, ukakosa kazi, ukatengana na mwenzi wako wakati ukingojea majibu, hayo yaandike pamoja na tarehe zake. Na urudie vipimo kwa ratiba uliyopewa, kwa sababu jibu safi la wiki za mwanzo halifungi mlango wa maambukizi yanayojitokeza baadaye.

SWALI: Mwanasheria, sisi tuko Mwanza. Baba yetu alimezeshwa mpira katika hospitali ya umma, akapata maambukizi makali baada ya siku chache. Tumesoma mtandaoni kwamba Marekani watu wanalipwa mamilioni kwa jambo hili. Je, tunaweza kuingia katika kesi ya huko?

JIBU: Poleni sana wanafamilia. Msitumie fedha zenu kwa njia hiyo. Mahakama za Marekani zina mamlaka ya kuikataa kesi ambayo mahali pake panapofaa ni nchi nyingine, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Piper dhidi ya Reyno, 1981, iliyohusu ajali ya ndege iliyotokea Scotland, mdai wa kigeni hapewi upendeleo ule anaopewa mwenyeji katika kuchagua mahakama. Baba alitibiwa Mwanza, mashahidi wako Mwanza, na kifaa kiko Mwanza.

Tena mpira wa kuchungulia tumbo hauna kile chuma cha kwenye ncha nilichokieleza katika jibu la kwanza. Ukimwambukiza mtu, sababu ya kutafutwa kwanza ni uoshaji na ukaushaji, wala si umbo la kifaa. Kwa hiyo dai lenu linaelekea kuwa la uzembe, dhidi ya hospitali.

Sheria ya ukomo ya Tanzania inatoa miaka mitatu kwa madai ya namna hii. Kwa kuwa hospitali ni ya umma, kabla ya kufungua kesi lazima mtoe notisi ya siku zisizopungua 90 kwa taasisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, mkieleza msingi wa dai. Kesi nyingi zenye haki zimetupwa kwa sababu notisi haikutolewa au ilikosewa, basi msiandike wenyewe bila wakili. Malalamiko juu ya daktari mnaweza kuyapeleka Baraza la Madaktari Tanganyika, na tatizo la kifaa mliripoti kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Taarifa hizo mbili hazitawaletea fidia, lakini zitaacha maandishi yenye tarehe ambayo mahakama inaweza kuyatazama.

Kabla ya hayo yote, nendeni hospitalini mkaombe kwa maandishi nakala ya faili la baba, majibu ya kuotesha damu yakiwemo. Barua iwe nakala mbili, na nakala mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa mapokezi mbele ya macho yenu.